Kijana Aliyekataa Kusimama



Tarehe 30 Juni, baada ya Misa ya kuiombea nchi, tulibaki uwanjani mwa parokia kwa ajili ya sherehe. Wimbo wa taifa ulipoanzishwa, wote tulisimama isipokuwa mmoja wenu. Alibaki ameketi kwenye benchi la nyuma, mikono juu ya magoti, macho chini. Mnamjua. Ndiye anayewafundisha watoto katekisimu kila Jumamosi. Ana shahada ya chuo kikuu, na tangu alipoipata anauza yunite za simu chini ya mwavuli kando ya barabara.

Wimbo ulipokwisha, wazee walimzunguka. Mmoja alimwita msaliti. Mwingine alimkumbusha maneno ya Mtume Paulo kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu. Kijana aliwajibu kwa adabu, bila kuinua sauti: “Papa, wanaoimba kwa nguvu zaidi ndio wanaoiuza nchi. Siwezi kuimba pamoja nao. Nchi hii ni yao, si yangu.” Kisha akanigeukia: “Wewe Papa Mwalimu, unasemaje?”

Sikusema kitu. Niliahidi kumjibu kwa maandishi, na leo nalipa deni hilo.

Nianze na upande ambao ana haki. Mimi pia sikubaliani na namna tunavyotawaliwa, wala na mambo ambayo wakubwa wetu huyaheshimu. Kila siku malori yaliyobeba shaba na kobalti hupita mbele yetu kuelekea Kasumbalesa. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika ardhi yetu, na watoto wa vijiji vilivyo juu ya madini hayo husomea sakafuni. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali haina ada. Hilo ni jambo jema nililolipongeza. Hata hivyo darasa likijaa wanafunzi mia moja na mwalimu mmoja, mzazi atakuwa amepewa mlango usio na nyumba. Na katika nchi hii, anayepewa heshima ya kwanza ni yule aliyefika na gari kubwa, hata kanisani. Huyo hutafutiwa kiti cha mbele, wala hakuna anayeuliza gari limetoka wapi.

Kuhusu Mtume Paulo, nitasema machache tu, maana sina elimu ya mapadre. Mapokeo yanatuambia kwamba Paulo mwenyewe aliuawa Roma na mamlaka ileile. Kama angekuwa ameamini kwamba kila amri ya mkubwa ni amri ya Mungu, angeacha kuhubiri mara ya kwanza alipokatazwa.

Basi ninampa kijana wetu haki ya kutokubali. Ninachokataa ni sentensi yake ya mwisho: “Nchi hii ni yao.” Hapo amewapa watawala zawadi ambayo hawakustahili kuipata.

Fikirini jambo lililompata Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa. Mwaka 1971 Mobutu aliibadilisha nchi jina, ikaitwa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 akatangaza kwamba majina ya Kikristo yaachwe na kila mtu ashike majina ya mababu. Aliuita mpango huo “uhalisi”, yaani kurudi katika asili yetu. Malula alipinga namna asili hiyo ilivyokuwa ikitumiwa. Alinyang'anywa makao yake, akalazimika kuishi Roma kwa miezi kadhaa. Magazeti ya chama yalimwonyesha kuwa mtumwa wa wazungu.

Lakini Malula alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyetaka ngoma ziingie kanisani, lugha zetu zisikike altareni, na walei wapewe majukumu ya kuongoza parokia. Misa ya Zaire, ambayo Roma iliikubali mwaka 1988 na ambayo ninyi mnaicheza kwa furaha hadi leo, ni mti ambao yeye aliutunza kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu aliyeitwa adui wa utamaduni wa Kiafrika aliupenda kuliko wengi wa wale waliovaa abakosti. Hakukubali tu kwamba rais mmoja awe mwenye uhalisi wa watu wote, aamue nani ni mtu wa asili na nani ni mgeni. Tena hakusema, “Kama huu ndio Uafrika, basi mimi si Mwafrika.” Alisema kwa matendo yake: Uafrika ni wangu pia, na wewe unautumia vibaya.

Huko ni kutokubali kunakobaki nyumbani. Kijana wetu aliyebaki ameketi alikuwa na njia hiyo mbele yake, naye hakuiona. Simlaumu sana. Sisi wazee hatukumwonyesha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lilinifunga mdomo siku ile.

Mwaka 1992 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari kule Likasi. Mwezi wa kwanza wa mwaka huo, Waziri Mkuu Nguz Karl-i-Bond alisimamisha Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliokuwa ukiongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo, na ambao watu walikuwa wameuwekea matumaini ya kuuondoa utawala wa Mobutu kwa njia ya amani. Jumapili ya tarehe 16 Februari, walei wa Kinshasa walitoka makanisani wakaandamana, mikononi wakiwa na Biblia, rozari na mishumaa. Askari waliwafyatulia risasi, na watu wengi wakafa. Mwezi wa nne Mkutano ulifunguliwa tena. Waandamanaji wale hawakuchoma duka la mtu wala kumpiga jirani. Gharama ya kukataa kwao waliilipa wenyewe.

Sisi wa Shaba, kama mkoa wetu ulivyoitwa wakati ule, tulikuwa na kukataa kwetu. Tulikuwa na manung'uniko ya kweli: mali ya migodi iliondoka, barabara zilibaki mashimo, na kazi kubwa kubwa zilikuwa na majina yasiyo ya kwetu. Agosti 1992 Mkutano ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu badala ya Nguz, mwana wa mkoa wetu. Baadhi ya viongozi wa mkoa wakatuambia kwamba chanzo cha taabu yetu kilikuwa kikiishi mtaani mwetu. Ndivyo hasira iliyopaswa kwenda juu ilivyoshuka ikaenda kando. Ikamwendea jirani.

Familia za Kikasai zilikuwa Likasi tangu enzi za babu zao, walioletwa na reli na kampuni ya madini wakati wa Wabelgiji. Wengi wa watoto wao hawakuwahi kuiona Kasai. Walisema Kiswahili kama sisi, waliimba katika kwaya moja nasi. Walifukuzwa nyumbani mwao, wakakusanyika kwenye kituo cha treni wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Mwene-Ditu na Kananga. Walingoja majuma, wengine miezi, chini ya turubai na magunia. Watoto na wazee walikufa palepale kwa kuhara na kwa njaa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa fundi wa kushona nguo. Jioni moja alikuja kwetu na cherehani yake kichwani. Alimwomba baba aichukue kwa bei yoyote, maana watoto walihitaji chakula cha kungojea treni. Baba hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumfukuza mtu, wala hakukubaliana na waliofukuza. Alitoa pesa ambazo hazikufika hata sehemu ya kumi ya thamani ya chombo kile, akasema, “Nisipochukua mimi, atachukua mwingine.” Mama aliitumia cherehani ile miaka mingi. Ada yangu ya shule ilitoka katika sindano yake.

Ndiyo sababu nilinyamaza tarehe 30 Juni. Ninajua kuna kukataa kwa aina mbili, nami nililelewa ndani ya ile isiyofaa. Tangu hapo nina kipimo kimoja tu. Mtu akiniambia kwamba anapinga watawala, namwuliza: nani atakayelipa? Kama ni wewe, endelea, nitatembea nawe. Kama ni fundi wa jirani, rudi nyumbani.

Wakati mwingine anayelipa ni mtu mmoja ambaye hata hafikirii siasa. Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita mwaka 2007. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Yalipita mbele yake mazao ya chakula yaliyoharibika, watu wakampa pesa ili ayaruhusu yaingie sokoni. Alikataa. Simu zikapigwa, pesa zikaongezwa, akakataa tena, kwa hoja rahisi kwamba chakula kile kingewadhuru watu. Mwezi wa saba alitekwa na kuuawa. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo.

Tumeanza kumchora Floribert katika picha nzuri, na picha nzuri huwa na hatari yake, maana humweka mtu mbali. Mimi napenda kumwona akiwa ofisini, kalamu mkononi. Alikuwa mtumishi wa serikali. Hakusema, “Serikali hii imeoza, kwa hiyo mhuri wake si kitu.” Aliuheshimu mhuri kuliko wakubwa waliompa. Alifanya kana kwamba nchi ilikuwa yake, na kwamba tumbo la mtoto asiyemjua, ambaye angekula mchele ule, lilikuwa chini ya ulinzi wake. Hakuna hotuba niliyowahi kuisikia iliyoupinga utaratibu wa nchi hii kwa nguvu kuliko sahihi ile ambayo hakuiweka.

Tuna mazoea ya kuuita utaratibu huo “Ibara ya 15”. Inasimuliwa kwamba asili yake ni mzaha wa mwaka 1960, kule Kasai ya Kusini: eti Katiba ilikuwa na ibara inayowaambia wananchi wajitafutie wenyewe. Mzaha ukawa dini. Askari wa barabarani anajitafutia, karani anajitafutia, mwalimu anajitafutia kwa alama za mtihani. Mobutu mwenyewe, Novemba 1977, alisimama mbele ya chama chake akalaani ugonjwa huo kwa maneno makali, akasema kwamba nchini kila kitu kinauzwa na kununuliwa. Alisema kweli tupu! Kisha akatawala miaka karibu ishirini zaidi bila kubadili kitu. Tangu hapo sishangai nikisikia mkubwa akiilaani rushwa redioni.

Nasi je? Mwaka jana kikundi chenu kilimchagua mweka hazina. Mlioshuhudia mnajua soda zilizonywewa kabla ya kura. Nilicheka pamoja nanyi, na sikupaswa kucheka.

Sasa kuna jambo la siku zetu ambalo linawagawa hata ndani ya kikundi, nami sitalikwepa. Katiba ya 2006 inasema katika ibara ya 220 kwamba idadi na urefu wa vipindi vya Rais haviwezi kurekebishwa. Kwa ajili ya ukomo huo, Wakristo walei waliandamana tena tarehe 31 Desemba 2017, kisha Januari na Februari 2018, wakati kipindi cha Rais Joseph Kabila kilikuwa kimekwisha tangu Desemba 2016 bila uchaguzi. Tarehe 21 Januari 2018, Thérèse Kapangala, msichana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akijiandaa kuingia utawani, alipigwa risasi parokiani kwake Kintambo. Tarehe 25 Februari, Rossy Mukendi aliuawa katika parokia ya Mtakatifu Benedikto, Lemba. Mwezi wa nane Kabila hakujitokeza kugombea. Uchaguzi ulifanyika mwishoni mwa mwaka. Haukuwa safi: maaskofu wenyewe walisema kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na yale ambayo watazamaji wao waliyakusanya. Lakini mtu mmoja aliondoka ikulu kwa miguu yake, jambo ambalo nchi yetu haikuwa imeliona.

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kufikiria Katiba mpya. Moja ya hoja zinazotolewa ni kwamba ile iliyopo iliandikwa na wageni. Mimi nilisimama foleni Desemba 2005 kuipigia kura ya maoni, na sikumwona mgeni katika foleni ile. Wengi wa walio madarakani leo walikuwa upande wa waandamanaji mwaka 2018, na baadhi yao walikwenda kuwalilia waliouawa. Sikubaliani nao. Naamini kwamba kuigusa Katiba wakati huu, vita vikiwa Mashariki na ndugu zetu wakiwa kambini, ni kufungua mlango ambao Thérèse alikufa akiuzuia. Nitasema hivyo popote nitakaporuhusiwa kusema, na Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 26, inaniruhusu kuandamana kwa amani.

Wapo miongoni mwenu wanaoona kwamba Katiba ina kasoro na ifaa ibadilishwe. Waje tubishane, nitawapa kiti.

Lakini nimesikia maneno mengine, mitaani na hata nje ya mlango wa kanisa. Rais ni mtu wa Kasai, kwa hiyo anayempinga Rais huanza kuhesabu Wakasai mtaani mwake: nani ana duka, nani ana pikipiki, nani alipata kazi mgodini. Nimesikia vijana waliozaliwa baada ya 1993 wakitumia maneno yaleyale niliyoyasikia Likasi, kwa mzaha uleule wa mwanzo. Hawajui wameyatoa wapi. Sisi tuliokuwapo hatukuwasimulia, maana kila nyumba ina cherehani yake iliyofichwa.

Kwa hiyo, mwanangu uliyebaki umeketi, hili ndilo jibu langu, nalo si kamili. Hukunikosea kwa kuketi. Nchi yenye watu wanaoweza kuketi peke yao wakati wengine wamesimama si nchi iliyokufa. Lakini umeketi ukisema kwamba nchi ni yao, na hapo umetoka nje ya nyumba ukawaachia funguo. Mwanvuli wako pale barabarani ni Kongo. Watoto wako wa katekisimu ni Kongo, na wanne kati yao, unajua majina yao, wana mababu wa Kasai. Kama ungebaki umeketi ukisema, “Nchi ni yangu, na kwa sababu hiyo siimbi leo na hawa,” pengine ningeketi karibu nawe.

Nina ombi moja. Jumamosi ijayo, baada ya katekisimu, nitakuja kwenye kikundi nikiwa na nakala ya Katiba. Tutasoma ibara ya 26, ya 64 na ya 220, tuzieleze kwa Kiswahili, na wewe uongoze kikao, kwa kuwa una elimu ya sheria kuliko mimi. Baada ya hapo nitawasimulia habari za kituo cha treni cha Likasi, na nimemwomba mama mmoja wa jumuiya yetu, aliyelala pale akiwa na miaka tisa, aje naye asimulie. Amekubali, ila kwa sharti kwamba niongee mimi kwanza.